Mkwe na Mama Mkwe Kwenye Benchi Moja

Mwezi uliopita sisi tuliosomea utabibu pamoja tulikutana katika hoteli moja mjini Kisii. Tumebaki wachache, na kati ya hao wachache kuna waliokatazwa chumvi na waliokatazwa sukari, lakini nyama ya mbuzi ilipoletwa hakuna aliyekumbuka ushauri aliowapa wagonjwa maisha yake yote. Kando yangu aliketi Ombati, ambaye siku hizi ana kliniki yake ya ghorofa na tumbo la kuifaa. Alikishika kiganja changu, akazitazama kucha zangu zilizoingia udongo mwekundu usiotoka hata kwa brashi, akawaonyesha wengine mezani kama anayeonyesha jipu. "Makori," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "wewe ndiye ulikuwa na kichwa kutupita sisi wote. Kama ungeachana na hiyo matope yako, saa hii ungekuwa umefika wapi, ndugu yangu?" Wakacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa na mfupa mdomoni na sikupata pa kuutemea haraka. Kesho yake nyumbani kwangu Keumbu nilichora tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana kikapoa, na hasira haikuisha. Basi namjibu hapa, ambapo hana wa kumsaidia kucheka.

Watu wakisikia kwamba mimi tabibu mstaafu ninachora, huniuliza kwa upole kama inanituliza mawazo. Wale wasomi zaidi hunitetea. Huwaambia wenzao kwamba bila shaka uchoraji ulinifunza kumwangalia mgonjwa kwa makini, kwa hiyo haukuwa upotezaji wa wakati. Utetezi huo siutaki. Kama uchoraji ungenifanya tabibu mbaya, ningekuwa na kesi ya kujibu. Haukunifanya mbaya, na sina haja ya kuthibitisha kwamba ulinifanya bora. Nilitibu kwa sababu nilipenda kutibu, nikachora kwa sababu nilipenda kuchora. Mzazi mwenye watoto wawili haulizwi huyu wa pili anamfaidi nini yule wa kwanza. Hayo niliyajua nikiwa kijana, mwaka wangu wa kwanza kazini, na nusura yanikoseshe kazi yenyewe.

Nilipelekwa kwenye kituo kidogo cha afya ng'ambo ya Nyaramba, huko Nyamira, mahali ambapo barabara ilikwisha na chai ikaanza. Nilikuwa kwenye mwaka wa majaribio. Mkuu wa kituo ndiye angeandika mwishoni kwamba nafaa, nithibitishwe, au sifai. Huyo mkuu alikuwa Daktari Onchiri, tabibu kama mimi ila mwenye miaka mingi, mzee wa kanisa la Sabato, mtu aliyepiga koti lake pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliwatibu watu kwa haki, hakupokea kuku wala ndizi za mtu, na Ijumaa jua likielekea kuzama alifunga kabati la dawa kwa heshima kama anayefunga kanisa. Ila aliamini kwamba binadamu ameumbwa na mlango mmoja, na ukishaingia kazi moja hapo, nyingine ibaki nje.

Chumba nilipanga kwa mjane mmoja, Omong'ina Bosibori. Omong'ina ni jina la heshima tunalomwita mama mtu mzima, naye alistahili. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, na chumba changu kilitenganishwa na jiko lake kwa ukuta usiofika juu, kwa hiyo moshi wake ulikuwa moshi wangu na habari zake zikawa zangu. Jioni aliniletea ugali wa wimbi uliokolea weusi na chinsaga, mboga ile chungu aliyoilaza kwenye maziwa tangu jana yake mpaka uchungu ukatulia. Mpaka leo nikiila mahali pengine naona wameharakisha. Nilikula nikisikiliza wakaza wanawe jikoni wakimzungumzia mpangaji, yaani mimi, kana kwamba ukuta ule ulikuwa umefika mbinguni.

"Huyu daktari ni mwembamba mono," mmoja alisema, na mono kwetu ni sana. "Ataponya nani?"

"Mwache," Bosibori akamjibu. "Dawa haipimwi kwa kilo ya mwenye kuileta."

Mvua ndefu za mwaka ule zilibandua ukuta wa nyuma. Zilipopungua, wanawake wakakusanyika kuusiriba upya. Walileta udongo na samadi mbichi, wakakanyaga kwa miguu, wakapaka kwa viganja. Ulipokauka, Bosibori akatoa vibuyu vyake vya rangi. Ulikuwemo udongo mweupe wa kando ya kijito, mwekundu wa kilimani, wa kijivu, na maji meusi ya masizi. Utomvu wa mgomba aliuweka peke yake, ule unaoharibu shati mara moja na kwa maisha. Akaanza kuchora chini ya dirisha, mstari juu ya mstari, bila kupima kitu. Shuleni nilikuwa nimechora kwa penseli pembezoni mwa vitabu, nikachapwa kwa kazi hiyo, lakini sikuwahi kuona mtu akichora kwa mkono mzima, kwa bega, kwa kiuno. Nilivua shati nikatia mikono kwenye udongo. Wanawake wakalipuka kwa kicheko.

"Yaya, yaya!" Bosibori alisema, na yaya kwetu ni hapana, na tata ni baba. "Tata, toa mkono. Mwanamume hasiribi ukuta. Watu watasema nimekulisha nini?"

"Waambie umenilisha chinsaga," nikasema, na mkono sikuutoa.

Mwanamume kwetu hujenga fito na paa. Ngozi ya nyumba ni ya mwanamke, na hakuna aliyewahi kuniambia ni kwa nini. Habari ilifika sokoni Nyaramba kabla sijanawa. Kijana mmoja wa duka la mbolea aliniuliza kama na mimi nitaolewa mwaka huo au nitangoja ujao. Nilimwambia namngoja yeye alete ng'ombe. Moyoni iliniuma, nisijifanye jiwe. Nilikuwa kijana na nilitaka kuheshimiwa kama kijana mwingine yeyote mwenye koti jeupe. Lakini kila nilipoupita ukuta ule na kuona alama ya kiganja changu kati ya viganja vya wanawake, furaha ilinipata ambayo sikuwahi kuipata mahali pengine. Nikasiriba chumba changu ndani, nikachora ndani yake vilima, mgomba, miguu ya watu, sikio la Bosibori. Yeye alipoona sikio lake alilishika kichwani mwake kuhakikisha lipo.

Baadaye mwaka uleule Daktari Onchiri aliitwa Kisii kwenye mafunzo. Kabla ya kuondoka alinionyesha chumba cha kusubiri, ambapo vichwa vya wagonjwa vilikuwa vimeacha mafuta ukutani juu ya benchi. "Huu ukuta ni aibu. Nikirudi niukute umepakwa," akaniagiza. Sikuiasi amri yake. Niliupaka chokaa vizuri, ukakauka. Halafu nikautazama, mweupe, mrefu, hauna neno la kusema. Kila jioni baada ya mgonjwa wa mwisho nilileta vibuyu vya Bosibori, nikachora pale pale juu ya benchi watu waliokuwa wakikaa juu ya benchi hilo. Niliwachora kwa kimo chao halisi, vile nilivyowakumbuka: mzee aliyelala ameshika fimbo, msichana mwenye jino bovu, mama mwenye shuka ya njano, mwanamume wa chai mwenye mabega yaliyoteremka. Niliwapanga kwa macho tu. Palipohitaji kitu kizito niliweka mtu mzito.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Watu walisahau walichokuwa wanaumwa. Walijitafuta, wakagombana nani ni nani, yule mzee akakataa kwamba huwa analala. Omong'ina Nyaboke, mwenye shuka ya njano, aliyekuja kwangu kwa ajili ya presha, alijitazama kimya, kisha akarekebisha kilemba chake kifanane na cha ukutani. Alipokwisha kupewa dawa alitoka bila kusema. Nadhani hakuwa ameangalia aliye kando yake, au aliangalia akaona ni vizuri asiseme.

Aliyesema ni Mogaka. Alikuja na mkewe Kemunto na binti yao mdogo Kerubo, mtoto mchanga anayekohoa. Alisimama mlangoni akajiona: yule mwanamume wa chai, bega lake limegusana na bega la shuka ya njano. Nilimwona akirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Nyaboke alikuwa mama yake Kemunto.

Kwa asiyetujua nieleze. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi karibu, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tunaiita chinsoni, soni ya heshima, na anayeivunja huchafua nyumba mbili, si moja. Mimi nilikuwa mtu wa Keumbu, sikujua ndoa za pale, nikamchukua mtu nikamkalisha bega kwa bega na mama mkwe wake, mbele ya kata nzima, mchana na usiku, wala hawezi kuinuka. Mogaka hakupiga kelele. Aligeuka, akamwambia mkewe, "Twende," wakaenda, na mtoto akiwa na kikohozi chake mgongoni.

Daktari Onchiri alirudi akaukuta ukuta na kesi pamoja. Watu wa ukoo wa Mogaka walikuwa wamesema hawatakanyaga kituo mpaka jambo hilo liondolewe. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanyoosha mikono ya koti lake.

"Makori, wewe ni tabibu ama ni mwanamke wa kupaka nyumba?"

"Mimi ni tabibu, Daktari. Na ninapaka."

"Hakuna 'na'. Hiyo 'na' yako imefukuza wagonjwa. Nitakupa mpaka Jumatatu. Utafute maji, utafute brashi, hiyo ukuta iwe nyeupe vile nilikwambia. Hapo nitakuandikia vizuri, kwa sababu kazi yako ya dawa sina shida nayo. Lakini utaniahidi mambo ya udongo yamekwisha. Siwezi kuithibitisha nusu ya mtu."

Nilitoka pale. Nilikuwa sina kitu kingine duniani ila ile kazi, na nilikuwa nimeipenda. Lakini jambo la kwanza halikuwa ukuta, lilikuwa kifua cha mtoto. Nilitia dawa na sindano mkobani nikapanda kilima kati ya chai mpaka kwa Mogaka. Alikuwa uani akinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Ndani nilimsikia Kerubo akipumua haraka haraka, pua zikipanuka.

"Daktari," Mogaka alisema bila kunitazama, "kama ungekuwa mtu wa mbali ningesema hajui. Wewe ni Omogusii, mtu wa kwetu. Unajua chinsoni. Umenivua nguo."

"Sikujua ni mama yake Kemunto. Ningejua nisingefanya hivyo. Sasa nipishe nimwone mtoto, halafu utanipiga na hilo jembe ukitaka."

Alinipisha. Nilimdunga mtoto penisilini, nikarudi kila siku kumdunga tena, na kila siku Mogaka alinipisha bila salamu, ila siku ya pili nilikuta kiti kimewekwa. Siku ya tatu akaniuliza, "Utaifuta lini?" Nikamwambia, "Sitaifuta. Nitaitengeneza." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mkaidi," alisema, na ndivyo nilivyo.

Sikujua nitaitengeneza vipi. Bosibori ndiye niliyemlalamikia, jikoni, akichambua mboga. Nilimwambia naweza kuchora nguzo kati yao, au kapu, au dirisha. Alicheka mpaka akapangusa macho. "Nguzo ya nini? Hao wawili kuna mtu mmoja tu hukaa katikati yao na hakuna anayeona soni. Mtoto wa Kemunto. Kwa huyu ni binti, kwa yule ni mjukuu. Bibi na mjukuu hutaniana, hulala kitanda kimoja." Akanipa bakuli la mboga nichambue. "Lakini uwasogeze, tata. Mtoto ni mdogo, na bega lako lilikuwa limegusa."

Jumapili niliwasogeza. Nilikwangua bega la Mogaka nikamgeuza kidogo kuelekea mlangoni, Nyaboke nikamgeuza kuelekea dirishani, na katikati nikamkalisha Kerubo, nimemkuza kidogo aweze kuketi, miguu ikining'inia. Ilikuwa picha bora kuliko ile ya kwanza. Hilo nalisema bila haya. Jioni nilipita kwa Mogaka, na kwa Nyaboke pia, nikawaeleza nilivyowageuza, nikawaambia waje waone.

Jumatatu nilifika asubuhi nikakuta ukuta mweupe. Chokaa ilikuwa bado mbichi, inanuka. Daktari Onchiri alikuwa amesimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikaona koti lake lina madoa. Aliupaka mwenyewe, hakumtuma mtu, na kwa hilo nilimheshimu hata nilipokuwa natamani kulia. Wagonjwa walikuwa wameanza kuingia. Hakunipeleka ofisini. Aliniuliza pale pale, polepole, kama baba.

"Nimekusaidia sehemu ya kwanza. Sasa niahidi hiyo ya pili, tufanye kazi."

Niliutazama ukuta. Nilifikiria koti langu jipya, na mshahara, na watu wa Keumbu waliokuwa wakiniita daktari hata kabla sijamaliza chuo. Kisha nikamwambia, "Hapana, Daktari. Nitakufanyia kazi yote unayotaka hapa. Lakini hiyo sitaahidi."

"Basi mwaka huu sitaandika kwamba unafaa."

"Sawa."

Omong'ina Nyaboke aliingia wakati huo na shuka yake ya njano. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamgeukia mkuu wa kituo. "Mmenipeleka wapi?" aliuliza. Daktari Onchiri akaanza kumweleza habari za usafi na heshima ya hospitali. Yeye hakumngoja amalize. Alilipita benchi, akasimama kwenye upenyo kati ya ukuta na benchi lililosogezwa ili kupaka chokaa, mahali pake palepale, shuka ikigusa chokaa mbichi, uso ukielekea dirishani. Alipoombwa akae alisema yeye amekaa. Yule mzee wa fimbo akainuka akasema kama ni hivyo na yeye ana mahali pake, ila alisimama penye mwanga mzuri zaidi ya pale nilipomchora, na msichana mwenye jino akamwambia anadanganya. Walibishana. Mmoja baada ya mwingine walijipanga, migongo yote ikajaa chokaa.

Kisha Mogaka akaja mlangoni na Kemunto. Alimwona mama mkwe wake amesimama na hakutazamwa naye, kama desturi inavyotaka. Alisita. Nilidhani atageuka tena. Alimpokea Kerubo kutoka mgongoni mwa mkewe, akaingia akiangalia sakafu, akamkalisha mtoto kwenye benchi, Kemunto akapiga magoti kumshikilia asianguke. Naye Mogaka akasimama upande wa pili, uso ukielekea mlangoni.

"Daktari Makori," aliniambia, kwa sababu hakuweza kumwambia Nyaboke na hakutaka kumwambia Onchiri, "waambie hivi tuko sawa."

Daktari Onchiri alitazama ule mstari wa watu. Hakubadili neno lake. Mwaka ule hakuandika kwamba nafaa, nikahamishiwa Ogembo bila kuthibitishwa, na ikabidi nianze majaribio upya chini ya mtu mwingine. Siku hiyo alisema tu, "Anza kazi." Nikapiga magoti kando ya Kemunto nikamsikiliza Kerubo kifua. Kilikuwa safi. Sikuahidi asubuhi ile, Ombati, na hadi leo sijamwahidi mtu.